Subira ya Mke wa Ayubu

Hapana mtu wa pwani asiyeijua subira ya Ayubu. Mgonjwa aliyelala siku nyingi huusiwa awe nayo, mfiwa huliwazwa kwayo, na mdai aliyechoka kupigwa kalenda na mdeni wake huapa kwamba hata Ayubu angekwisha kwenda kushitaki. Kisa chake kimetungiwa utenzi wa kale katika lugha yetu, husomwa misikitini na makanisani, na kila kisomwapo macho ya wasikilizaji humwelekea yule mtu mmoja aliyenyang'anywa mali, watoto na siha, akakaa na maradhi yake bila ulimi wake kumshutumu Muumba. Lakini mtu hakai na maradhi ya namna ile peke yake. Yuko aliyemletea maji, aliyemfukuzia nzi, aliyemgeuza ubavu, na aliyetoka alfajiri kutafuta kibarua ili jioni pawepo cha kutia kinywani. Na huyo, katika Kurani, jina lake halikutajwa. Wasimulizi waliokuja baadaye walimwita Rahma, wakasema kwamba alizikata nywele zake akaziuza apate mkate. Katika Biblia amepewa usemi mmoja tu, wa kumshauri mumewe amlaani Mungu akafe, na kwa usemi huo wahubiri wamemhukumu karne baada ya karne, kana kwamba watoto kumi waliokufa siku moja walikuwa wa Ayubu peke yake, na yeye mama yao hakuwa na haki ya neno moja la uchungu.

Limo katika kisa hicho jambo ambalo halisimuliwi sana barazani. Wafasiri wanaeleza kwamba Ayubu, akiwa bado mgonjwa, alimghadhibikia mkewe kwa jambo ambalo wao wenyewe wamelihitilafia, akaapa kwamba akipona atampiga mapigo mia. Akapona. Kiapo kikawa deni, na mgongo uliotakiwa kulilipa ni wa yule aliyemwuguza. Ndipo ulipoteremshwa ule ufumbuzi uliomo katika Sura ya Sad, kwamba deni hilo limalizwe kwa kitita cha majani, asimdhuru mtu wala asivunje yamini yake. Wanazuoni wamelijadili jambo hili katika mlango wa viapo, na hiyo ni kazi yao. Mimi naliona jingine ndani yake: kwamba ghadhabu ya mgonjwa haimwangukii tabibu wala ndugu aliye safarini, bali humwangukia aliye karibu, kwa kuwa huyo ndiye peke yake ambaye kuondoka kwake kungemwangamiza, na kwamba Mwenyezi Mungu, alipomrudishia mtumishi wake afya, hakuusahau mgongo wa mwuguzaji.

Basi mume au mke apatwapo na ulemavu baada ya ndoa, mwenzake aliye mzima amefungwa na nini, ana uhuru kiasi gani, na ni nani mwenye haki ya kumwambia? Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, maana mwenye kuliuliza waziwazi hudhaniwa kuwa amekwisha funga mizigo.

Mama zetu walijibiwa zamani. Mwana Kupona, mjane wa kiongozi wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia mwaka 1858, na wanawake wengi wa Lamu, Mombasa na Unguja wakaujua kwa moyo kabla hawajajua kuandika majina yao. Miongoni mwa mengi anayomwusia bintiye ni kumtunza mume kama anavyotunzwa mtoto mdogo ambaye bado hajaweza kueleza haja yake. Kwa mume mzima maneno hayo ni jamala ya ndoa, tena ni werevu wa mwanamke mwenye kuwajua wanaume. Lakini nenda nayo katika chumba cha mume aliyepigwa na kiharusi, ambaye nusu ya mwili wake imekufa na ulimi umefungwa, anayenyosha kidole ukutani na mkewe akabahatisha: maji? dirisha? chungu kinaungua? Hapo utaona kuwa mfano umekoma kuwa mfano. Wala tusisahau kwamba aliyeutunga utenzi ule alikuwa mwenyewe kitandani, akiandamwa na maradhi yaliyomwua miaka michache baadaye. Mgonjwa ndiye aliyeandika namna ya kuhudumu. Aliyemhudumia yeye hakuacha maandishi.

Kazi yenyewe ni vema itajwe kwa jina lake, maana wenye kusifu uvumilivu aghalabu hawajawahi kuinusa. Aliyevunjika uti wa mgongo, ikiwa amekufa ganzi kuanzia kiunoni, hasikii nyama yake inapogandamizwa na godoro. Kwa hiyo sharti ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya matakoni na ya visiginoni huwa nyekundu, kisha nyeusi, kisha hufunguka kidonda ambacho chaweza kufika mfupani na kumwua kwa sumu ya damu. Mkojo hutolewa kwa mrija, na mrija usiposafishwa huingiza maradhi katika figo. Aliyepooza upande mmoja mara nyingi koo lake halimezi sawasawa, na uji mwepesi waweza kupotea njia ukaingia mapafuni. Hulishwa ameketishwa wima, kwa kijiko kidogo, uji uliokazwa, na mlishaji hutazama koromeo lipande na kushuka kabla ya kutia kijiko cha pili. Bibi mmoja wa Tanga niliyemfahamu alikuwa akitandika khanga iliyokunjwa mara nne katikati ya kitanda, chini ya nyonga za mumewe, na alipotaka kumgeuza aliishika khanga ile kwa ncha zake mbili, akaegemeza goti ukingoni, akavuta. Mtu wa ratili mia na themanini akageuka kwa mvuto mmoja. Hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na mgongo wake mwenyewe, uliomwuma mwezi mzima kabla hajaivumbua hila hiyo.

Mke wa namna hii husifiwa sana. Ndugu wa mume hufika siku ya Ijumaa baada ya sala, hukaa sebuleni, hunywa chai, hutikisa vichwa, husema kwamba mwanamke huyu ni wa peponi, kisha hutazama saa. Siwaiti waovu. Wengi wao huogopa chumba kile, na sifa ndiyo fidia waliyoweza kuitoa. Lakini sifa ikitolewa kwa wingi kiasi hiki huwa kamba: mtu aliyekwisha tangazwa kuwa wa peponi ataanzaje kusema kwamba amechoka? Nimeshuku kwa muda mrefu kuwa sehemu kubwa ya kile tukiitacho uaminifu wa wake zetu ni woga wa kuivunja sifa waliyovikwa bila kuulizwa.

Mume ambaye mkewe ndiye aliyepooza hupata nasaha nyingine kabisa. Arubaini ya ajali haijatimia, na shangazi zake wamekwisha ulizia nyumba ya watu fulani wenye binti. Kwake yeye uaminifu na uhuru havigombani, kwa sababu ndoa ya pili inaruhusiwa, na kwa mlango huo aweza kubaki na kuondoka kwa wakati mmoja, akaitwa muungwana kwa yote mawili. Sisemi kwamba ruhusa hiyo ni dhuluma. Wako waliooa tena wakamweka mke wa kwanza katika heshima na sitara hadi pumzi ya mwisho. Nasema tu kwamba yule binti anayeletwa huletwa mara nyingi awe mwuguzi wa mke mwenzake, na sijapata kusikia kwamba jambo hilo lilitajwa siku ya posa. Mke mzima mwenye mume mlemavu hana mlango wa namna hiyo. Mlango wake ni mmoja, ukifunguliwa haurudishwi nyuma yake kwa upole.

Sheria zimesema nini? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ambayo hutumika Bara na si Visiwani, ina kifungu cha 63 ambacho wachache hukikumbuka. Kinamwajibisha mume kumtunza mkewe, hili hakuna asiyelijua. Kisha kinamwajibisha mke naye, ikiwa ana uwezo, kumtunza mumewe ambaye ameshindwa kujitafutia riziki, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kwa sababu ya maradhi au dhara la mwili au la akili. Nao ushahidi ambao mahakama yaweza kuupokea kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebika umeorodheshwa: zinaa, ukatili, kutelekezwa, kifungo kirefu, kubadili dini, na maradhi ya akili ambayo waganga wawili, mmoja wao akiwa mjuzi wa maradhi hayo, wamethibitisha kwamba hawana tumaini la kupona kwake. Miguu iliyokufa haimo. Fikihi ya Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea katika pwani yetu, nayo ina aibu zake chache zinazompa mmoja wa wanandoa hiari ya kufasikhisha nikaha, kama wazimu, ukoma na kukosekana kwa uwezo wa unyumba, na humo pia upofu na kupooza havikuhesabiwa. Hata hivyo, mume akishindwa kabisa na matunzo, mke ana haki ya kwenda kwa kadhi, na mlango wa khului uko wazi kwa anayetaka kujikomboa.

Ukizitazama sheria hizi mbili pamoja, moja ya Bunge na moja ya wanazuoni, utaona zimeafikiana katika jambo kubwa: mwili ukivunjika ndoa haivunjiki kwa hilo peke yake, lakini akili ikiondoka hukumu hubadilika. Naielewa hekima yake. Ahadi ilifungwa baina ya nafsi mbili, na nafsi moja isipokuwapo kuijibu, ahadi imebaki na mkono mmoja. Tatizo ni kwamba maradhi hayakusoma sheria. Kiharusi hakichukui mguu na kuiacha tabia salama. Humchukua mtu mpole kikamrudisha mkali, humchukua mcheshi kikamrudisha mtu anayelia akiona sahani, na mkewe akawa mjane wa mtu anayekula naye. Waganga wawili watapima na kusema kwamba akili ipo. Mke atasema kwamba ipo, lakini si ile aliyoolewa nayo. Hapana kifungu cha huzuni ya namna hiyo, na sidhani kama chaweza kuandikwa.

Narudi kwa yule bibi wa Tanga, maana mambo yake hayakwenda kama watu walivyoyapanga. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na ajali ilimvunja uti wa mgongo akiwa hajafika miaka arubaini. Jioni, akiisha kulishwa na kufutwa, alikuwa akimwambia: "Mama watoto, nenda zako, wewe bado kijana, mimi nimekwisha." Asubuhi yake bibi akichelewa sokoni kwa nusu saa, alipokewa kwa matusi yaliyosikika hadi msikitini. Nilikuwa nikidhani kwamba mojawapo ya maneno hayo mawili ni kweli na la pili ni uongo. Siku hizi naona yote mawili yalikuwa kweli: alitaka kwa dhati awe huru, na alitaka kwa dhati asiondoke. Mwaka wa saba bibi aliomba talaka, na bwana yule, kwa utulivu ambao haukutazamiwa na mtu, akampa. Mtaa ukawaka moto. Wale waliokuwa wakimwita wa peponi wakampunguzia daraja siku ile ile.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiri. Alipotoka edani, bibi yule alikuwa kwa mumewe wa zamani mtu ajinabi. Mikono iliyomwogesha miaka yote ile, iliyoujua kila mfupa wa mwili ule na kila sehemu ya ngozi inayoanza kuwa nyekundu, sasa haikuwa halali kumgusa. Wifi yake ndiye aliyeshika kazi. Na bibi, aliyekuwa amehamia kwa mamaye vichochoro viwili kutoka pale, akawa anakuja asubuhi na uji, anasimama nje ya pazia na kumwelekeza kwa sauti: vuta khanga kwanza, usimvute mkono, tia mto baina ya magoti. Wifi alikaa mwezi mmoja. Ndugu wa kiume, ambao kwa miaka yote walikuwa na udhuru, wakaitana, wakachanga, wakamwajiri kijana wa kumwuguza ndugu yao, na hadi bwana yule alipofariki hapakukosekana fedha za ujira wake. Fedha zilikuwapo. Hazikuonekana kwa kuwa palikuwa na mwanamke aliyesimama mbele yake.

Je, alimhini mumewe? Nimeshindwa kusema ndiyo. Kinachonizuia ni kisa cha Barira, kilichopokewa katika hadithi sahihi. Barira alikuwa mjakazi, akakombolewa, na mumewe Mughithi alikuwa angali mtumwa. Kwa kuwa hali zao zilikuwa hazilingani tena, Barira akapewa hiari ya kubaki naye au kumwacha. Akamwacha. Mughithi akawa anamfuata katika njia za Madina akilia, machozi yakichuruzika ndevuni, mpaka Mtume akamhurumia, akamwendea Barira akamwombea: si umrudie, naye ni baba wa mwanao? Barira akauliza kama ile ni amri. Akajibiwa kwamba hapana, ni maombezi tu. Akasema kwamba hana haja naye. Na hapo pakaisha. Hakulaaniwa wala hakutengwa.

Kisa hicho si cha ulemavu, nami sitaki kukibebesha kisichochukua. Lakini nakiona kimelipambanua jambo ambalo sisi tumelichanganya. Kumwombea Mughithi ni haki, tena ni wema: machozi yake yalikuwa ya kweli, na aliyemwombea alikuwa mbora wa waombezi. Kumwamuru Barira ni jambo jingine, na hata aliyekuwa na daraja ya kuamuru hakuamuru. Nasi ambao hatuna daraja hiyo, shangazi, wajomba, mashekhe, mapadre na wazee wa baraza la usuluhishi, hutoa amri tukaiita maombezi, kwa kuwa tumekwisha mwonyesha mwombwaji nini kitampata akikataa. Uaminifu uliopatikana kwa njia hiyo mgonjwa mwenyewe huutambua. Hulala kitandani akiijua tofauti baina ya mkono unaomgeuza kwa mapenzi na mkono unaomgeuza kwa kuogopa walimwengu, na wa pili humwuma hata pale ambapo nyama yake haisikii.

Huyo mgonjwa naye tumemsahau katika hesabu yetu. Twazungumza kana kwamba uhuru ni wa mzima peke yake na yeye ni mzigo unaongoja kuamuliwa. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Cambridge, aliambiwa mwaka 1963 kwamba ana maradhi ya neva ambayo yangemwua kwa muda wa miaka miwili hivi. Jane Wilde akaolewa naye mwaka 1965 akijua hayo, akamzalia watoto watatu, akamwinua na kumlisha miaka na miaka. Mwaka 1985, alipopatwa na homa ya mapafu huko Geneva, na madaktari wakashauri mashine ya pumzi izimwe, Jane ndiye aliyekataa. Kwa muda mrefu alikuwapo pia rafiki wa nyumba, mwanamuziki, aliyesaidia kubeba mzigo, na ambaye Jane alimpenda. Mume aliyajua hayo akanyamaza. Wasomaji wengi, wakifika hapo, hudhani wamekwisha ujua mwisho. Aliyeondoka mwaka 1990 alikuwa Hawking mwenyewe, asiyeweza kutembea wala kusema kwa sauti yake, akaenda kuishi na mmoja wa wauguzi wake. Talaka ikatoka mwaka 1995 na mwaka ule ule akaoa. Simsifu wala simlaumu. Namtaja kwa sababu alikuwa na fedha za kuwalipa wauguzi, na mtu asiyehitaji mikono ya mkewe ili aishi aweza kumtaka au kumwacha kama watu wengine. Mlemavu maskini hana fahari ya kumkasirikia mkewe hadi mwisho. Uhuru wake umo katika mfuko wa jamaa zake, na mfuko huo umefungwa.

Kwa hiyo mimi sitamhukumu anayeondoka waziwazi, akiwa amebeba kwa miaka, akamwacha mwenzake mikononi mwa watu wanaojulikana. Namhukumu aliyetoka usiku bila kusema. Na zaidi yake nawahukumu ndugu waliongoja mmoja aanguke ndipo waulizane nani atashika. Naye anayebaki kwa hiari yake, na wako wengi, wala si wajinga wala si malaika, anadai haki ndogo ndogo ambazo hana mtu wa kuzidai kwake: kulala usiku mzima mara moja kwa juma, kwenda harusini bila kuulizwa mgonjwa kamwachia nani, kukasirika, kucheka kwa sauti ndani ya nyumba yenye mgonjwa.

Msomaji, ikiwa mtaani kwako iko nyumba ya namna hiyo, usiende na nasaha, wala usiende Ijumaa wakati wa chai. Nenda saa nne za usiku, nawa mikono, uliza mgonjwa analazwa upande gani sasa na atageuzwa lini, kisha mwambie mwenye kumwuguza akalale hadi alfajiri. Na juma lifuatalo nenda tena.